Sentensi ya Kiingereza: Ilikotoka na Jinsi Ilivyogeuka

Mwanafunzi wa Kiingereza, awe mtoto wa shule au mtu mzima asomaye usiku baada ya kazi, hukutana mapema na neno dogo "do", nalo humsumbua kupita maneno makubwa. Mwalimu humwambia kwamba "You know him" maana yake ni "Unamjua." Lakini akitaka kuuliza, hana budi kusema "Do you know him?" Akitaka kukana, asiseme "I know not" bali "I do not know." Mwanafunzi huuliza, "Hilo 'do' lafanya kazi gani hapo?" Jibu alipatalo mara nyingi ni kwamba halina maana, ila ndivyo Waingereza wasemavyo. Jibu hilo si la uongo, lakini halimshibishi mtu mwenye akili, maana hakuna watu waliokaa baraza siku moja wakaamua kutia neno tupu katika lugha yao. Neno hilo lina historia yake, na historia hiyo haieleweki mpaka ijulikane kwanza jinsi sentensi ya Kiingereza ilivyokuwa hapo kale.

Wenye lugha hiyo walikuwa makabila ya Waangle, Wasaxon na Wajute, waliovuka bahari katika karne ya tano kutoka upande wa kaskazini ya Ujerumani na Denmark, wakaingia kisiwa cha Britania. Lugha waliyokuja nayo ilikuwa mbali sana na Kiingereza cha leo. Mwingereza wa sasa akipewa kitabu kilichoandikwa zamani za Mfalme Alfred, aliyetawala tangu mwaka 871 hata 899, hawezi kukisoma asipojifunza kwanza, kama mtu ajifunzavyo lugha ya kigeni.

Ajabu ni kwamba Mswahili, kwa mambo fulani, angeielewa tabia ya lugha ile ya kale upesi kuliko Mwingereza wa leo. Majina yote yalikuwa na ngeli zake, nazo zilikuwa tatu: ya kiume, ya kike, na ile isiyo ya kiume wala ya kike. Wala ngeli hizo hazikufuata maumbile. Jua, yaani "sunne", lilikuwa la kike. Mwezi, yaani "mona", ulikuwa wa kiume. Na neno "wif", maana yake mwanamke, lilikuwa katika ngeli isiyo ya kike wala ya kiume! Neno la sifa lililofuata jina lilibadilika ili kupatana nalo. Mtu aliyezaliwa akisema "mti mrefu" na "kisu kirefu" haoni ajabu yoyote katika jambo hilo. Washangaao ni Waingereza, ambao wamekwisha sahau kwamba babu zao walisema vivyo hivyo.

Tena, mwisho wa jina na umbo la neno dogo lililolitangulia vilibadilika kwa kadiri ya kazi ya jina lile katika sentensi. Neno "mfalme" likiwa la mtenda lilikuwa "se cyning"; likiwa la mtendwa, "thone cyning"; likiwa la mwenye mali, "thaes cyninges"; na la mtu aliyepewa kitu, "tham cyninge." (Watu wa kale walikuwa na herufi zao wenyewe kwa sauti ya "th", hapa imeandikwa kwa herufi za leo.) Kwa sababu hiyo mahali pa jina katika sentensi hapakuwa na nguvu kama pa sasa. Mtu aliweza kusema "Se hund bat thone mann," yaani mbwa alimwuma mtu. Na kama alitaka kumtaja mtu kwanza, aliweza kusema "Thone mann bat se hund," na maana ikabaki ile ile: aliyeumwa ni mtu. Mwingereza wa leo akigeuza maneno hayo, akasema "The man bit the dog," amegeuza mambo yote, na sasa mbwa ndiye wa kuhurumiwa.

Basi miisho hiyo ilikwenda wapi? Wengi hudhani kwamba ni Wanormani walioiharibu, wale waliotoka Ufaransa na Mtawala William na kushinda vita ya Hastings mwaka 1066. Dhana hiyo haitoshi. Katika maandiko mengine ya kabla ya mwaka huo, waandishi wameanza kuchanganya miisho, kama watu wanaoandika kitu wasichokisikia tena vizuri masikioni. Sababu moja ni ya kinywa tu. Waingereza walikuwa wakikaza sauti mwanzoni mwa neno, na silabi za mwisho zikapungua nguvu, hata "-a", "-u", "-an" na "-um" zikawa zote kama "-e" hafifu, na mwisho wa yote hiyo nayo ikanyamaza.

Sababu ya pili ni wageni wengine, nao ni watu wa Skandinavia. Walianza kwa kuteka nyara. Waliishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793. Lakini katika karne iliyofuata wengi wao walikaa, wakalima, wakaoa, na mwaka 1016 Mdenmark, Cnut, akawa mfalme wa Uingereza yote. Lugha yao ilikuwa ndugu ya Kiingereza. Mashina ya maneno yalifanana. Miisho ndiyo iliyohitilafiana. Watu wawili wa namna hiyo wakikutana sokoni kuuziana ng'ombe, hushika shina na kuuacha mwisho. Jambo hili halihitaji kutafutwa mbali. Watu wa Nairobi, waliotoka katika makabila mengi, husema "kitabu yangu" na "vitu mingi", na biashara yao yaendelea, ijapokuwa mtu wa Lamu au Mombasa akisikia hukunja uso. Hapana shaka palikuwapo wazee wa Winchester waliokunja uso vivyo hivyo. Uhusiano ule ulikuwa wa karibu mno, hata Waingereza walichukua kwa wageni wao maneno "they", "their" na "them", na ni nadra lugha kuazima maneno madogo ya namna hiyo.

Kazi ya Wanormani ilikuwa nyingine. Waliwaondoa wakubwa waliokuwa wakiandika na kusimamia Kiingereza cha vitabuni. Kanisa likaandika Kilatini, na mabwana wakasema Kifaransa. Watawa wa Peterborough waliendelea kuandika habari za miaka kwa Kiingereza hata mwaka 1154, na katika kurasa zao za mwisho msomaji aona waziwazi miisho ikianguka kama majani ya kiangazi, maana hapakuwa tena na mwalimu wa kumkemea mwandishi. Lugha ya wakulima, isiyolindwa na mtu, iligeuka kwa haraka.

Miisho ilipokwisha, kazi yake ilibidi ifanywe na kitu kingine. Maneno madogo kama "of", "to" na "with" yalibeba sehemu moja ya mzigo, na mahali pa neno katika sentensi pakabeba sehemu ya pili. Mtenda akatangulia, kitendo kikafuata, mtendwa akaja nyuma. Bingwa wa Denmark, Otto Jespersen, aliyefariki mwaka 1943, alitoa mfano mdogo ambao ni bora kuliko maelezo marefu. Zamani watu waliweza kusema "Tham cynge licodon peran." Maana yake ni kwamba pea zilimpendeza mfalme. Pea ndizo zilizotenda, na kitendo kimekubaliana nazo kwa wingi wake. Mfalme ametajwa kwanza kwa heshima tu, na umbo la jina lake laonyesha kwamba yeye ni mpokeaji. Miisho ikaanguka. Sentensi ikawa "The king liked pears." Maneno yako mahali pale pale, lakini masikio ya watu sasa yamezoea kwamba anayetangulia ndiye mtenda. Basi mfalme, ambaye hapo kwanza alipendezwa na pea, sasa anazipenda pea. Na neno "like", lililokuwa na maana ya kupendeza, likageuka likawa kupenda. Wala hakuna aliyeliamuru.

Machafuko ya wakati ule yalikuwa na taabu zake. William Caxton, aliyeweka mtambo wa kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1490 kisa cha wafanya biashara waliokuwa wakisafiri kwa mto Thames kwenda Zeeland. Upepo ukakosekana, wakatia nanga pwani ya Kent, wakashuka kutafuta chakula. Mmoja wao akaingia katika nyumba ya mama mmoja akaomba "egges", yaani mayai. Yule mama akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanya biashara akakasirika, maana hata yeye hakujua Kifaransa. Alitaka mayai tu. Ndipo mwenzake akasema kwamba wanataka "eyren". Yule mama akafahamu mara moja.

Wote wanne, yaani mama, wasafiri wale wawili na Caxton mwenyewe, walikuwa Waingereza. Lakini "egges" lilikuwa neno la watu wa kaskazini, lenye asili ya Skandinavia, na wingi wake kwa "-s". Na "eyren" lilikuwa neno la zamani la kusini, na wingi wake kwa "-en", kama "children" na "oxen" hata leo. Caxton alisikitika, akauliza mtu aandike lipi. Swali lake halikuwa la mchezo, maana mwenye mtambo hana budi kuchagua neno moja na kulitia katika vitabu mamia. Aliyechaguliwa na wapiga chapa alishinda. "Eyren" limekufa.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya mayai peke yake. Mwaka 1362, Mfalme Edward wa Tatu akitawala, ilitolewa sheria kwamba mashauri mahakamani yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu walioshitakiwa hawakuelewa Kifaransa, wala hawakujua linenwalo kwa ajili yao au juu yao. Mtu aliweza kunyang'anywa shamba lake akiwa amesimama pale pale, asijue ni neno gani lililomnyang'anya. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na iliagiza kumbukumbu za mahakama ziandikwe kwa Kilatini. Msomaji asiicheke mno. Bunge la Kenya lilipoanza kutumia Kiswahili mwaka 1974, miswada ya sheria iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza.

Sasa yawezekana kurudi kwa "do". Katika Kiingereza cha kale na cha kati, mtu aliyeuliza aligeuza tu mahali pa kitendo na mtenda. Alisema "Knowest thou him?" Na aliyekana alitia "not" nyuma ya kitendo: "I know not." Hapakuwa na shida yoyote. Lakini kando ya mambo hayo palikuwa na "do" ikitumika kwa namna nyingine. Mabingwa hawajapatana juu ya asili yake. Wengine, kama Msweden Ellegård aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1953, waliiona katika sentensi za kufanyiza, kama kusema kwamba mfalme "did build" ngome, maana yake aliijengesha. Hakushika jiwe yeye mwenyewe. Msikilizaji hajali nani aliyeshika jiwe, na kwake "did build" na "built" ni mamoja. Hivyo "did" ikabaki bila maana, kama kibarua aliyesahauliwa na mwajiri wake. Wengine huelekeza kidole kwa lugha za Wales na Cornwall, ambazo zina desturi ya kutumia neno la "kufanya" namna hiyo hiyo, nao husema kwamba wenyeji wa kisiwa walipojifunza Kiingereza waliileta desturi yao ndani yake.

Vyovyote ilivyoingia, ilikaa kwa sababu ilifaa. Karne ya 16 ndiyo iliyokuwa wakati wake wa kukua. Sikio la Mwingereza lilikuwa limekwisha zoea mtenda mbele, kitendo kati, mtendwa nyuma. Na katika "Knowest thou him" utaratibu huo umevunjwa. Kwa kutia "do" mwanzoni, swali linajulikana tangu neno la kwanza, na maneno yanayofuata yanabaki katika mstari wao: "you know him". Kadhalika katika kukana, "not" ikapata mahali pake mbele ya kitendo. Maneno kama "can", "must" na "will" hayakuhitaji msaada huo, maana yenyewe ni wasaidizi, ndiyo sababu hata leo mwanafunzi haambiwi kusema "Do you can?" Katika tamthilia za Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, namna zote mbili zimo, ya kale na mpya, wakati mwingine katika kinywa cha mtu mmoja. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yashika zaidi ya kale. Yapendelea "know not". Yasema "he maketh" wakati watu wa mjini walikuwa wakisema "he makes". Tena yatumia "did eat" bila kuuliza wala kukana, desturi iliyostawi muda kidogo kisha ikanyauka. Mtu aliyejifunza Kiingereza chake kwa Biblia hiyo, akiandika "I know not" katika mtihani, atatiwa alama ya kosa. Lakini kosa lake ni la tarehe tu.

Katika habari za kukana, Jespersen alifuata njia yote tangu mwanzo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1917. Mtu wa kale alisema "Ic ne secge," yaani "sisemi." Neno "ne" lilikuwa dogo mno, likameza sauti yake, na watu wakalitegemeza kwa lingine, maana yake "hata kitu": "I ne seye not." Baadaye mgonjwa akafa na fimbo yake ikabaki: "I say not." Kisha ikaja "do": "I do not say." Na leo "not" lenyewe limeanza kuugua, maana watu husema "I don't say," na sauti ya "not" imekuwa mkia wa neno jingine.

Kwa sababu hiyo, kukana mara mbili au zaidi katika sentensi moja hakukuwa kosa. Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, alipomsifu askari wake mwungwana kwamba hakumtolea mtu neno la ufidhuli, alikana mara nne katika sentensi moja, na kila kukana kukaongeza nguvu. Kiswahili chazijua njia zote mbili. Mtu akisema "Hakuja wala hakutuma barua," kukana kwa pili kunakazia kwa kwanza. Akisema "Hakuna asiyejua," kukana kumefuta kukana, na maana yake ni kwamba wote wanajua. Lakini mabwana wa sarufi wa Uingereza katika karne ya 18 walitaka njia moja tu. Walisema kwamba makano mawili huangamizana, kama katika hesabu. Tangu hapo Mwingereza maskini asemaye "I don't know nothing" huhesabiwa mjinga, ijapokuwa anafuata desturi ya Chaucer, na hakuna amsikiaye asiyeelewa maana yake.

Hapo yafaa kuwatazama mabwana hao kidogo. Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyopigwa chapa ni ya William Bullokar, ya mwaka 1586, nayo ilifuata nyayo za Kilatini, kama kwamba lugha isiyofanana na Kilatini haina haki ya kuitwa lugha. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson, aliyekuwa amekwisha fariki, kwa kuweka neno dogo kama "from" mwisho wa sentensi. Baadaye Dryden alipotoa tena kitabu chake mwenyewe, alipita akisahihisha sentensi zake zilizokuwa na kosa hilo. Kwa haki, halikuwa kosa. Waingereza walikuwa wamesema hivyo kwa mamia ya miaka. Askofu Robert Lowth alitoa sarufi yake mwaka 1762, akawahukumu waandishi wakubwa mmoja mmoja, hata Shakespeare na Milton. Alipofika kwenye jambo hilo la Dryden alisema kwamba ni tabia ambayo Kiingereza kina mwelekeo nayo sana, na sentensi aliyosemea maneno hayo aliimalizia kwa "to". Labda askofu alikuwa na ucheshi ambao wanafunzi wake hawakuuona, maana walimu waliomfuata waliushika mchapo wakauacha mzaha.

Aliyeingia katika shule nyingi zaidi ni Lindley Murray, mwanasheria aliyezaliwa Pennsylvania na kuhamia karibu na mji wa York. Sarufi yake ya mwaka 1795 aliiandika kwa ajili ya shule ya wasichana, ikapigwa chapa mara nyingi mno, ikasomwa pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Murray alikuwa mmoja wa watu waitwao Quaker, yaani Marafiki, wale wale ambao kanisa lao lililetwa Kaimosi mwaka 1902 na wamisionari wa Marekani. Na hao Marafiki ndio watu walioumia kwa ajili ya sarufi ya Kiingereza kuliko wote.

Zamani Kiingereza kilikuwa na "thou" kwa mtu mmoja, kama "wewe", na "ye" kwa wengi, kama "ninyi"; na maneno hayo yakiwa ya mtendwa, yalikuwa "thee" na "you". Kwa mfano wa Wafaransa, watu wakaanza kumwambia mkubwa "ninyi" ijapokuwa ni mmoja. Kisha kila mtu akataka aonekane mkubwa, na "thou" likabaki la watoto, watumishi, wapenzi, na la matusi. Mwaka 1603 Sir Walter Raleigh aliposhitakiwa kwa uhaini huko Winchester, mwendesha mashitaka wa serikali, Edward Coke, alimpiga kwa neno hilo mbele ya watu wote, ili kumvua heshima yake. Katika Kiswahili heshima haikai hapo. Mtu amwambia babu yake "wewe" bila kosa, ilimradi amemwamkia kwanza na kumwita babu. Kwa hiyo ni vigumu kuwaza kwamba neno moja dogo laweza kuwa kofi.

George Fox na Marafiki wenzake, katikati ya karne ya 17, walisema kwamba kumwita mtu mmoja kwa neno la wengi ni uongo na kujipendekeza. Wakamwambia kila mtu "thou", awe hakimu au mchunga kondoo. Watu walipigwa kwa neno hilo. Kijana Thomas Ellwood, ambaye baadaye alimsomea vitabu mshairi Milton aliyekuwa kipofu, alitishwa na baba yake mzazi kwamba akimwambia tena "thou" atamvunja meno. Mwaka 1660 Fox na wenzake wawili walitoa kitabu kizima kuonyesha, kwa mifano ya lugha nyingi, kwamba mmoja ni mmoja na wengi ni wengi. Kwa sarufi walikuwa na haki. Lugha karibu zote walizozitaja ziliwashuhudia. Lakini watu hawakugeuka. "You" lilishinda kwa mmoja na kwa wengi, kwa mtenda na kwa mtendwa, na "ye" likazikwa pamoja na "thou". Katika karne ya 18 watu wengi, hata wenye elimu, walijaribu kuitengeneza hasara hiyo kwa kusema "you was" kwa mtu mmoja na "you were" kwa wengi. Ilikuwa dawa nzuri kwa lugha iliyopotewa na "wewe", lakini Lowth aliikataa, na shule zikaifuta.

Marafiki wa Marekani waliendelea na desturi yao nyumbani vizazi vingi. Lakini hata wao, waliopigwa kwa ajili ya sarufi iliyo sawa, lugha iliwageuza mikononi mwao wenyewe. Waliliacha "thou" la mtenda, wakashika "thee" la mtendwa mahali pote, wakawa wakisema "thee knows", kama vile jirani zao walivyokwisha kuacha "ye" na kushika "you".